John Scott Haldane

John Scott Haldane (Edinburgh, Uskoti, 2 Mei 1860 – Oxford, Uingereza, 15 Machi 1936) alikuwa daktari na mwanafiziolojia aliyechunguza namna binadamu anavyopumua na jinsi hewa inavyoweza kuua watu katika migodi, mabomba ya maji machafu, mashimo, mahandaki na sehemu nyingine zilizofungika. Anakumbukwa hasa kwa kuwapa wachimba makaa ya mawe ndege wadogo wa kuwaonya kuhusu gesi ya sumu, na kwa kutunga majedwali ya kwanza ya kuwapandisha wazamiaji salama kutoka kilindini.

Kabla ya kazi yake, mtu aliyeanguka ndani ya shimo alisemekana tu kufa kwa hewa mbaya, na mara nyingi hakuna aliyeuliza ni hewa gani. Haldane alionyesha kwamba jina hilo moja linaficha hatari kadhaa, kila moja ikiua kwa njia yake na kuhitaji kipimo chake. Desturi ya leo ya viwandani, ya kupima hewa kabla mfanyakazi hajaingia ndani ya tangi, kisima au bomba, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya matokeo hayo.

Familia na masomo

Haldane alizaliwa katika ukoo wenye mali uliokuwa na shamba huko Cloan, Perthshire. Kaka yake, Richard Burdon Haldane, alikuwa mwanasiasa aliyefika kuwa Waziri wa Vita na baadaye Lord Chancellor wa Uingereza. Mdogo wao wa kike, Elizabeth, alikuwa mwandishi. Mjomba wao, John Burdon-Sanderson, alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Alisoma Edinburgh Academy, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kwa muda huko Jena, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1884, lakini hakufungua zahanati wala kutibu wagonjwa kama wenzake wengi. Alipenda falsafa tangu ujana na aliendelea kuiandikia vitabu hadi uzeeni. Hata hivyo sifa yake haikutoka huko.

Mwaka 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter. Walipata watoto wawili, wote wakawa maarufu: J.B.S. Haldane (1892–1964), mtaalamu wa jenetiki, na Naomi Mitchison (1897–1999), mwandishi wa riwaya.

Hewa ya nyumba, shule na mabomba

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Dundee, mji wa viwanda huko Uskoti. Pamoja na mkemia Thomas Carnelley alipima hewa ya nyumba za maskini na madarasa ya shule. Kwa nyumba walikwenda usiku wa manane, wakati familia nzima imelala katika chumba kimoja, kwa sababu hapo ndipo hewa huwa nzito kuliko saa nyingine zote. Walichukua chupa za hewa na kupima kiasi cha dioksidi ya kaboni na idadi ya vijidudu.

Watafiti hao wawili walichunguza pia hewa ya mabomba ya maji machafu, yakiwemo yaliyo chini ya Bunge la Uingereza, London. Watu wengi wa wakati ule waliamini kwamba harufu ya maji machafu yenyewe huleta homa. Haldane na Carnelley walikuta kwamba hewa ya bomba lenye mtiririko mzuri na matundu ya kutosha ilikuwa na vijidudu vichache kuliko hewa ya baadhi ya madarasa. Hatari ya mabomba ilikuwapo, lakini haikuwa pale watu walipodhani.

Mwaka 1887 alihamia Oxford kuwa msaidizi wa mjomba wake, na aliishi mji huo hadi kufa kwake.

Ndani ya sanduku lililozibwa

Miaka ya mwanzo ya 1890 lilikuwapo swali moja gumu: kwa nini watu wengi wakifungiwa katika chumba kidogo wanazidiwa? Wataalamu wengine walifundisha kwamba pumzi ya binadamu ina sumu fulani isiyojulikana. Haldane na mwenzake James Lorrain Smith waliingia kwa zamu ndani ya sanduku la mbao lisilopitisha hewa na kukaa humo kwa saa nyingi, wakipima hewa kadiri ilivyochafuka.

Hawakuona dalili yoyote ya sumu ya pumzi. Kilichowafanya waheme na kuumwa kichwa kilikuwa dioksidi ya kaboni kuongezeka, na upungufu wa oksijeni ulikuwa hatari ya pili. Tena hatari hizi mbili hazifanani. Dioksidi ya kaboni ikizidi, mtu huhema kwa nguvu na kujua kuna jambo. Oksijeni ikipungua bila dioksidi ya kaboni kuongezeka sana, mtu anaweza asihisi lolote, akaendelea na kazi yake mpaka miguu inalegea na fahamu zinapotea. Hii ndiyo sababu mtu anayeingia ndani ya tangi la chuma lililofungwa muda mrefu, ambamo kutu imekula oksijeni, huanguka bila hata kuita.

Ajali ya East Ham

Tarehe 1 Julai 1895 mfanyakazi mmoja wa kituo cha kusukuma maji machafu huko East Ham, karibu na London, alishuka ndani ya shimo la kazi akaanguka. Mwenzake alimfuata kumwokoa, naye akaanguka. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine. Waliokufa walikuwa watano, na wanne kati yao walikuwa waokoaji. Majina ya hao wanne yameandikwa kwenye kibao katika bustani ya Postman's Park, London, panapokumbukwa watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine.

Haldane alichunguza chanzo cha vifo hivyo na kuonyesha kuwa kilikuwa sulfidi ya hidrojeni, gesi inayotoka katika uchafu unaooza na ambayo hutoka kwa wingi uchafu huo unapokorogwa. Kila mtu anaijua gesi hii kwa harufu ya yai viza, na hapo ndipo penye mtego. Ikiwa kidogo, pua huinasa mara moja. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha. Ikifikia takriban sehemu moja katika 1,000 za hewa, pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu.

Mpangilio wa vifo vya East Ham si wa Uingereza peke yake. Anayesoma magazeti ya Afrika Mashariki ameukuta zaidi ya mara moja, katika kisima kinachochimbwa au shimo la choo linalozibuliwa: wa kwanza ameshuka, ndugu akamfuata, jirani akamfuata ndugu. Mwokoaji hufa kwa sababu anaingia katika hewa ileile, na anaingia akiwa amekimbia, akihema kuliko yule wa kwanza.

Mlipuko wa Tylorstown

Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika bonde la Rhondda huko Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane alikwenda, akashuka mgodini na kukagua miili. Wengi waliamini kwamba wachimbaji huuawa na nguvu ya mlipuko au moto. Yeye alikuta kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa na majeraha ya kuua. Ngozi zao zilikuwa na wekundu kama wa mtu mwenye afya, na damu yao ilikuwa nyekundu iliyokolea. Hiyo ni alama ya monoksidi ya kaboni. Watu hao walinusurika mlipuko, wakafa baadaye njiani wakitafuta kutoka, kwa gesi iliyobaki baada ya moto.

Ripoti yake juu ya sababu za vifo katika milipuko na moto wa migodini ilitolewa mwaka huohuo wa 1896. Maana yake kwa waokoaji ilikuwa kubwa: kama watu hawakufa papo hapo, basi kuna muda wa kuwaokoa, ila mwokoaji lazima ajue anapumua nini.

Familia yake ilikuwa ikisimulia kwamba alipotoka katika mgodi mmoja wa namna hiyo alituma simu ya maandishi nyumbani kuarifu kuwa yu salama, kisha akatuma nyingine, na nyingine tena. Gesi ilikuwa imemchanganya, hakukumbuka kuwa amekwisha kutuma.

Panya na kanari

Monoksidi ya kaboni haina rangi, harufu wala ladha. Taa ya mchimbaji haiionyeshi, kwani mwali huendelea kuwaka vizuri huku mtu anakufa. Katika damu, gesi hii hujishika kwenye hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo kiasi kidogo tu hewani hutosha kuinyima damu oksijeni yake.

Haldane alijipima mwenyewe kabla ya kuandika lolote kuhusu wengine. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1895 alivuta hewa yenye gesi hiyo huku akichukua tone la damu yake kila baada ya muda, na hakuacha mpaka zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ilikuwa imetekwa. Kufikia hapo macho yalikuwa hayaoni vizuri na hakuweza kutembea bila kuyumba. Jambo muhimu aliloliona ni kwamba akili hulegea pia: mtu aliyevuta gesi hii huwa mbishi, hujiona mzima na hukataa kutoka.

Pembeni yake aliweka panya. Mnyama mdogo hupumua haraka na damu yake huzunguka haraka, kwa hiyo gesi humjaa mapema kuliko binadamu. Panya huanguka wakati mtu bado ana dakika kadhaa za kurudi nyuma. Haldane akapendekeza waokoaji washuke na panya au ndege mdogo. Ndege alikubalika zaidi, kwa kuwa anapolegea huanguka kutoka kwenye kijiti chake na kila mtu anaona, hali panya akijikunja pembeni mtu huweza kudhani amelala. Aliyechaguliwa ni kanari, ndege wa jamii ya chiriku. Kuanzia mwaka 1911 kanari waliwekwa rasmi katika migodi ya makaa ya Uingereza. Baadhi ya vizimba vilikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni juu yake, ili mlango ukifungwa ndege aliyezirai apate kuzinduka. Wachimbaji wengi walimpenda ndege wao na hawakutaka afe.

Kuzitambua gesi za mgodini

Wachimba makaa walikuwa na majina yao ya kienyeji kwa kila hewa mbaya, na Haldane aliyaheshimu majina hayo kwa sababu yalitokana na uzoefu. Alichofanya ni kuonyesha kila jina lina nini ndani yake.

Gesi iliyozima taa katika sehemu za mgodi zilizoachwa ilidhaniwa kuwa dioksidi ya kaboni. Mwaka 1895 alipima sampuli kutoka migodi ya Staffordshire na Shropshire, akakuta kuwa sehemu kubwa ilikuwa nitrojeni, na dioksidi ya kaboni ilikuwa sehemu ndogo. Kwa maneno mengine, ilikuwa hewa ya kawaida ambayo makaa na mbao zimeifyonza oksijeni. Hapa taa ilikuwa rafiki wa kweli. Mwali huzimika oksijeni inaposhuka kufikia kama asilimia 17, na kiwango hicho binadamu bado anakivumilia. Taa ikizimika, mtu ana nafasi ya kurudi.

Methani, gesi inayolipuka, huongeza mwali badala ya kuuzima, na kwa kuwa ni nyepesi hukaa karibu na dari. Ili mwanawe aelewe jambo hili, Haldane alimpeleka mgodini akiwa mtoto, akamwambia asimame wima na kukariri hotuba ya Antonio kutoka tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, ileile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Kabla ya kuimaliza hotuba kijana aliishiwa nguvu akaanguka, na huko chini sakafuni akajikuta anapumua vizuri. Ni somo ambalo mwalimu wa leo asingethubutu kulifundisha hivyo, lakini J.B.S. Haldane alilisimulia maisha yake yote.

Basi taa peke yake haitoshi, pua peke yake haitoshi, na ndege peke yake hatoshi. Haldane alitengeneza pia kifaa cha kupimia gesi kinachobebeka, kilichotumika katika maabara na migodi kwa miongo mingi. Kwa vipimo vya namna hiyo alisaidia mwaka 1897 uchunguzi wa hewa katika mahandaki ya reli ya chini ya ardhi ya London, ambako treni za wakati ule zilivutwa na injini za moshi.

Upumuaji na uzamiaji

Mwaka 1905, pamoja na J.G. Priestley, alionyesha kwamba kinachoongoza kasi ya kupumua kwa mtu wa kawaida ni kiasi cha dioksidi ya kaboni kinachofika kwenye ubongo kwa njia ya damu. Ugunduzi huo umo katika kila kitabu cha fiziolojia.

Wakati huohuo Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimwomba msaada kuhusu wazamiaji. Wao, pamoja na vibarua wa madaraja waliofanya kazi ndani ya masanduku yaliyojazwa hewa ya shinikizo chini ya mito, walipatwa na maumivu makali ya viungo, kupooza na hata kufa baada ya kutoka. Ilikuwa imejulikana kwamba nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu shinikizo linapopungua ghafla. Haldane alifanya majaribio kwa mbuzi katika tangi la chuma, akaona kwamba mwili huvumilia shinikizo kupungua hadi nusu bila madhara, na kwamba kupanda kwa vituo ni salama kuliko kupanda polepole kwa mwendo mmoja. Majedwali yake, yaliyochapishwa mwaka 1908 pamoja na A.E. Boycott na G.C.C. Damant, ndiyo mzizi wa majedwali ya wazamiaji wa leo. Damant mwenyewe alikuwa mzamiaji, naye alishuka hadi mita 64 kuyajaribu.

Mwaka 1911 Haldane alikaa na wenzake juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, Marekani, kuchunguza jinsi mwili unavyozoea hewa haba.

Vita vya gesi

Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walitumia gesi dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji. Haldane, akiwa na umri wa karibu miaka 55, alipelekwa Ufaransa haraka na kutambua kuwa ilikuwa klorini. Yeye na wenzake, pamoja na mwanawe aliyeitwa kutoka mstari wa mbele, waliingia katika chumba kilichozibwa chenye klorini ili kujaribu vifaa vya kuzuia gesi. Kwa bahati mbaya ndugu yake Richard alikuwa akishutumiwa magazetini kuwa anawapenda Wajerumani, na mwezi Mei mwaka huo aliondolewa serikalini.

Makosa yake

Haldane hakuwa sahihi katika kila jambo. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba mapafu husukuma oksijeni kuingia kwenye damu kwa kazi yao wenyewe, wakati utafiti wa August Krogh wa Denmark na Joseph Barcroft wa Uingereza ulionyesha kuwa oksijeni hupenya tu yenyewe.

Kosa zito zaidi lilihusu vumbi. Alisaidia sana kuonyesha kwamba vumbi la mawe lenye silika ndilo lililoharibu mapafu ya wachimba bati wa Cornwall. Lakini alifundisha kwamba vumbi la makaa ya mawe lenyewe halina madhara. Neno lake lilikuwa na uzito, na tangu 1912 aliongoza maabara iliyogharamiwa na wenye migodi ya makaa. Wachimbaji wa Wales waliosema vifua vyao vimejaa vumbi walisubiri hadi miaka ya 1940, baada ya yeye kufa, ndipo ugonjwa wao ulipotambuliwa na kulipiwa fidia. Aliyekuwa tayari kuvuta gesi kwa ajili yao hakuwasikia katika jambo hili.

Miaka ya mwisho

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1897, akapata Royal Medal mwaka 1916 na Copley Medal mwaka 1934. Kitabu chake kikuu kuhusu upumuaji kilitoka mwaka 1922. Kuanzia 1924 hadi 1928 alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa migodi, heshima isiyo ya kawaida kwa daktari.

Akiwa na miaka 75 alisafiri hadi Uajemi na Iraki kuchunguza wafanyakazi wa viwanda vya mafuta waliozidiwa na joto. Baada ya kurudi Oxford alipata nimonia, akafa usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 1936.

Nyumba yake ya Cherwell, iliyokuwa na maabara ndani yake, haipo tena. Mahali pake ni Wolfson College. Kanari waliendelea kushuka migodini hadi mwaka 1986, serikali ya Uingereza ilipotangaza kuwa nafasi yao itachukuliwa na vifaa vya elektroniki vya mkononi.